SIKU YA TATU MPE JEMBE

Katika mdahalo mkubwa wa muhula huu hoja iliyowekwa mbele yetu ilikuwa hii: "Mkimbizi na mhamiaji wasipewe kazi wala leseni ya biashara maadamu raia hawajatosheka." Hoja ilipita kwa kura nyingi na ukumbi ukapiga makofi. Wasemaji wa upande wa kutetea walisema vizuri, na mmoja wao alimalizia kwa methali ambayo kila mmoja wetu aliijua kabla hajaanza shule: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alitaka kutuonyesha kwamba hata wazee walimchoka mgeni. Dakika tatu za kuchangia hazikutosha kumjibu, nami namshukuru Mhariri kwa kunipa kurasa hizi.

Tuianze methali yenyewe, kwa maana nadhani ilisomwa nusu. Wazee hawakusema siku ya tatu mfungie mlango. Hawakusema mpe nauli. Walisema mpe jembe. Na jembe hilo ni la nani? Ni la mwenye nyumba. Mgeni hakuja na jembe. Alikuja na mtoto mgongoni na kifurushi kichwani. Basi methali ina amri mbili ndani yake. Mgeni sharti alime, na mwenyeji sharti ampe cha kulimia na mahali pa kulimia. Sisi huikumbuka amri ya kwanza na kuisahau ya pili. Twamwambia mkimbizi, "Usiwe mzigo," na papo hapo twamwambia, "Usitoke kambini, usiuze, usinunue, usiajiriwe." Hakuna mtu awezaye kuyatii maneno hayo yote kwa siku moja.

Sisi wa Katavi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa nchini Burundi, na watu kwa makumi ya maelfu wakavuka mpaka kuja kwetu. Serikali haikuwaweka katika mahema wangoje posho siku zote. Iliwapa pori. Ulyankulu, katika Mkoa wa Tabora, ilifunguliwa mwaka ule ule wa 1972. Katumba, karibu na Mpanda, ikafuata mwaka 1973. Mishamo ikafunguliwa mwaka 1978, kwa sababu Ulyankulu ilikuwa imejaa watu kuliko ardhi na maji yake. Huku kwetu wakati ule kulikuwa na miombo, mbung'o na wanyama, na mtu aliyetumwa kuja kufanya kazi Mpanda alihesabu kwamba ameadhibiwa. (Wako walimu wanaodhani hivyo mpaka leo, lakini hayo si ya ukurasa huu.)

Kila jamaa ilipewa kipande cha ardhi, majembe, mbegu, na chakula cha kuwafikisha kwenye mavuno. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likatafuta fedha, na T.C.R.S., shirika la Kikristo lililoanzishwa mwaka 1964, likashika kazi ya barabara, visima, shule na zahanati. Waliokuja mikono mitupu walikata miti wakalima. Baada ya misimu michache hawakuhitaji chakula cha kugawiwa. Wakawa wanauza mahindi, maharagwe, mihogo na tumbaku, na wanalipa kodi. Kufikia mwaka 1985 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa kwa Serikali, na wageni waliokuja kusaidia wakafunga ofisi zao. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, ambayo hutolewa kwa watu waliowatendea wakimbizi mema makubwa. Sidhani kwamba alipewa kwa sababu ya hotuba. Alipewa kwa sababu ya mashamba hayo.

Kisha, mwaka 2007 na 2008, watu hao wakaulizwa kama wanataka kurudi Burundi au kubaki. Wengi waliomba uraia, na mwaka 2010 yapata watu 162,000 walikubaliwa. Kwa hiyo wenzetu wa Katumba na Mishamo tunaokaa nao darasani ni Watanzania kama mimi, na babu zao walikwisha fyeka msitu kabla baba yangu hajazaliwa. Hata hivyo, kuna utani wa bweni ambao nausikia tangu Kidato cha Kwanza. Mtu akigombania ndoo au zamu ya bafu huambiwa, "Rudi kwenu." Kwao ni Katumba, kilometa chache kutoka hapa. Hoja ya mdahalo ilipopita, nilimwona mwenzangu mmoja, kijana hodari wa Hesabu, anainamisha kichwa na kuanza kuchora kwenye daftari lake. Hakuchangia neno. Huenda wengine walidhani hana la kusema.

Nimeisifu Katumba, lakini haifai kuisifu kupita kiasi. Kwa miaka mingi mtu wa makazi yale hakuweza kwenda hata Mpanda mjini bila karatasi ya ruhusa. Mfanyabiashara ambaye sharti aombe ruhusa ya kwenda sokoni hupata bei anayopewa na mnunuzi aliyemfuata kijijini, wala hawezi kuipinga, kwa maana hajui bei ya mahali pengine. Na hata baada ya uraia kukubaliwa mwaka 2010, vyeti vyenyewe vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Kwanza ilisemwa kwamba sharti wahame makazi wakatawanyike katika mikoa mingine. Baadaye mpango huo ukaachwa. Fikiri miaka minne ya namna hiyo katika maisha ya mkulima. Je, utapanda miembe? Utachoma matofali? Utafungua duka na kulijaza bidhaa, nawe hujui kama mwakani utakuwa hapa au Lindi? Watu walilima mazao ya msimu mmoja, wakangoja. Hasara ya miaka ile haikuandikwa katika kitabu chochote cha hesabu, lakini ilikuwa hasara yetu sote, kwa sababu duka lisilofunguliwa Katumba lingelipa ushuru Mpanda.

Sasa tutazame jirani zetu wa Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita ya Kivu. Mwaka 2015 Warundi wengine wakaja kwa wingi, na kambi za Nduta na Mtendeli zikatumika tena. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Lakini wakati huo nchi ilikuwa imebadili shauri. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 yamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, asitoke bila kibali, na kazi nayo yataka kibali. Kwa hiyo walio katika kambi hawakupewa msitu wa kufyeka kama wale wa 1972. Walipewa hema, kisha nyumba ya matofali mabichi, na mgao wa unga na maharagwe ambao hupunguzwa kila fedha za wafadhili zinapopungua.

Siilaumu Serikali kwa pupa, na nadhani watu wanaoilaumu wakiwa Ulaya wangefaa kwanza kusimama Rusumo mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule Wanyarwanda yapata robo milioni walivuka daraja kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Wilaya nzima ilikuwa na watu wachache kuliko kambi zake. Miti ilikatwa, visima vilikauka, na miongoni mwa waliokimbia walikuwamo wauaji waliokuja na silaha zao. Nchi iliyopata jambo hilo haiwezi kulaumiwa kwa kufunga milango zaidi. Tena mwanzoni mwa mwaka 2018, Tanzania ilipojitoa katika mpango mpya wa Umoja wa Mataifa wa kuwashirikisha wakimbizi katika uchumi, mojawapo ya sababu ilikuwa fedha: sehemu ya msaada ulioahidiwa ilikuwa mkopo. Mtu anayekaribisha wageni wa dunia nzima nyumbani kwake, kisha akaambiwa akope ili awalishe, ana haki ya kuuliza swali moja au mawili.

Lakini kuna mambo yaliyofuata ambayo siwezi kuyatetea. Mwaka 2017 mpango wa kuwapa wakimbizi wa Nyarugusu fedha badala ya chakula ulisimamishwa. Kati ya mwaka 2018 na 2019 masoko ya pamoja, ambamo wakimbizi na wanavijiji walikuwa wakiuziana, yalifungwa. Nani aliyepata hasara? Mkimbizi alipata, maana aliyekuwa akibadilisha unga wake kidogo apate mboga na sabuni hakuweza tena. Lakini mwanakijiji wa Makere, raia halisi mwenye kadi ya kura, naye alipata. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka ndizi, mawese na dagaa. Soko la watu maelfu kwa maelfu lilikuwa mlangoni pake, likafungwa. Hoja yetu ya mdahalo ilisema "maadamu raia hawajatosheka." Raia huyo alitoshekaje kwa kuondolewa wanunuzi?

Hapo nafika kwenye hoja yenye nguvu zaidi ya wapinzani wangu, nami sitaki kuikwepa. Walisema, mgeni akiruhusiwa kufanya kazi atakubali ujira mdogo, na kibarua mwenyeji atakosa. Yafaa tuseme kweli: jambo hilo limewahi kutokea. Wataalamu wa uchumi waliochunguza Kagera baada ya 1994 waliona kwamba wakulima wenye mashamba walifaidika kwa kuuza ndizi na maharagwe kwa bei ya juu, na wafanya biashara walifaidika, na barabara zilizojengwa kwa ajili ya malori ya msaada zimeendelea kuwafaa watu miaka mingi baada ya kambi kufungwa. Lakini kibarua asiye na shamba, anayeishi kwa kulimia wengine, aliumia. Chakula kilimpandia bei na ujira ukashuka. Mtu asiyetaja jambo hili anapotetea wakimbizi hasaidii, kwa sababu kibarua mwenyewe analijua.

Sasa tuulize ujira ulishuka kwa nini. Ulishuka kwa sababu mgeni alifanya kazi kwa kificho. Hana kibali, basi hawezi kudai. Yako mambo ya aibu yanayotendeka katika mikoa yetu ya mpakani, na wazazi watakaosoma gazeti hili wanayajua kuliko mimi. Tajiri wa shamba huchukua Warundi kumi kuja kupalilia. Huwaahidi fedha mwisho wa kazi. Kazi ikiisha, huwaambia kwamba wasipoondoka usiku huo atawaita watu wa Uhamiaji. Wanaondoka. Shamba limepaliliwa bure. Msimu unaofuata kijana mwenyeji akija kuomba kibarua kwa ujira wa haki, tajiri humcheka, maana amekwisha zoea cha bure. Niambieni basi, ni nani aliyemnyang'anya kijana yule kazi? Mrundi aliyelala njaa porini, au tajiri? Mgeni angekuwa na karatasi mkononi na haki ya kwenda kwa Afisa Kazi kama mtu mwingine yeyote, tajiri asingepata faida ya kumchagua yeye kuliko mwenyeji. Kibali humlinda mgeni, lakini ujira wa mwenyeji nao hulindwa na karatasi hiyo hiyo. Jambo hili halikusemwa na yeyote katika mdahalo.

Nitapita upesi katika nchi nyingine. Uganda kwa sheria yake ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kwenda atakako, kufanya kazi na kufungua biashara, na katika makazi kama Nakivale hupewa kiwanja cha kujenga na kulima. Nchi hiyo imepokea watu zaidi ya milioni moja na nusu, kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Isidhaniwe kwamba kule ni peponi. Viwanja vimekuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka, na mwaka 2023 mgao wa chakula ulipunguzwa sana. Lakini waliopata kazi au biashara kabla ya hapo walikuwa na cha kushika mgao ulipopungua.

Kenya kwa miaka mingi ilifuata njia ya kambi kama sisi. Hata hivyo, katika kambi ya Kakuma, kule Turkana, iliyofunguliwa mwaka 1992, watu hawakukaa wakitazamana. Wasomali, Wahabeshi, Wakongo na Wasudani walifungua maduka, vinyozi, mikahawa na viwanda vidogo vya mikate. Mwaka 2018 shirika moja la Benki ya Dunia lilichapisha hesabu iliyowashangaza wengi: maduka zaidi ya 2,000 katika kambi na mji wake, na biashara ya dola milioni 56 hivi kwa mwaka. Haya yalifanyika jangwani, na watu ambao wengi wao hawakuwa na ruhusa ya kusafiri. Waturkana nao waliuza mifugo, kuni na makaa. Mwaka 2021 Kenya ilitunga sheria mpya yenye kumtambua mkimbizi kuwa mtu wa kufanya kazi, na Machi 2025 ikazindua mpango unaoitwa Shirika, ambao nia yake ni kuzigeuza kambi kuwa miji ya kawaida. Neno walilochagua ni la Kiswahili, nami nalipenda, ingawa neno zuri si kazi iliyokwisha.

Na Marekani je? Maelfu ya Wakongo wa Nyarugusu walihamishiwa kule katika miaka iliyopita, mpaka Januari 2025 mlango ulipofungwa karibu kwa wote. Mkimbizi aliyefika kwa mpango ule aliruhusiwa kufanya kazi tangu siku ya kuingia, na nauli ya ndege ilikuwa mkopo, akatakiwa airudishe kidogo kidogo. Walimpa jembe na hesabu ya deni pamoja. Tazameni jambo la ajabu: mtu yule yule, mikono ile ile, ushonaji ule ule. Kasulu hakuruhusiwa kuuza shati alilolishona. Ng'ambo alipewa kazi na akalipa nauli yake.

Najua kuna msomaji atakayesema kwamba sisi Watanzania tunatoa ukarimu tu, hatujawahi kuuhitaji. Hasha. Januari 2001, baada ya watu kuuawa katika maandamano ya Pemba na Unguja, Wazanzibari zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, pwani ya Kenya, wakapokewa kama wakimbizi. Wengi walirudi baadaye. Wavuvi wasio na mashua ugenini ni watu wa kuhurumiwa, nao walikuwa watu wetu.

Huko Handeni, Mkoa wa Tanga, yako makazi ya Chogo. Wanaokaa huko ni watu waliokimbia vita vya Somalia, wanaoitwa Wabantu wa Somalia. Babu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu hii katika karne ya 19, na baada ya zaidi ya miaka 100 wajukuu wakarudi wakisema Kizigua. Walipewa mashamba, na wengi wakapewa uraia. Ukiwauliza wazee wa Handeni kama hao ni wageni au ni ndugu, sijui watajibu nini, na labda wao pia wangepata taabu kujibu.

Basi nini kinachomfaa mgeni anayetaka kazi au biashara? Watu wengi wakisikia neno msaada hufikiri fedha. Fedha ni ya mwisho. Cha kwanza ni karatasi. Siku hizi bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu. Bila laini huna mahali pa kupokea wala kutuma fedha. Bila hayo huwezi kununua bidhaa kwa jumla kutoka Kigoma au Tabora isipokuwa ubebe noti mfukoni na kuomba Mungu njiani. Halmashauri haitakupa leseni, wala ofisi ya kodi haitakupa namba. Hata wamachinga wetu, raia, walipata nafuu kubwa Desemba 2018 walipoanza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Kama karatasi ile ilimfaa mwenyeji mwenye ndugu na jirani wa kumsemea, itamfaa mara mbili mtu asiye na wa kumsemea.

Cha pili ni cheti, na hapa sisi watu wa shule tuna neno la kusema. Katika kambi ya Nyarugusu watoto wa Kikongo hufundishwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, kwa nia njema kwamba siku moja watarudi. Kambi ina miaka karibu 30. Yumo kijana aliyezaliwa humo, hajaiona Kongo hata siku moja, anasema Kiswahili kama mimi, na mkononi ana cheti cha Kifaransa ambacho bwana wa duka la dawa Kasulu hawezi kukisoma. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kulinganisha vyeti vya nchi nyingine na vyetu, na Tume ya Vyuo Vikuu vivyo hivyo kwa shahada. Utaratibu upo. Lakini nani humwambia kijana yule kwamba upo, na nani atampa nauli na ada? Mwuguzi asiyetambuliwa huuza karanga. Twalalamika kwamba zahanati hazina watu, kisha twanunua karanga zake.

Cha tatu ni daftari la hesabu. Mtu aweza kujua kushona, kuoka mikate au kutengeneza sabuni vizuri kabisa, na biashara yake ikafa katika mwaka wa kwanza kwa sababu hajui kutenga faida na mtaji. Amekula mtaji akidhani anakula faida. Kosa hilo halina taifa. Nimeona maduka ya raia yakifa kwa ugonjwa huo huo hapa Mpanda. Lakini raia akianguka ana shamba la mjomba. Mgeni akianguka huanguka chini kabisa.

Ndipo ije fedha, nayo iwe mkopo mdogo wa kikundi, si zawadi. Vikundi vya kuweka na kukopa vimeenea vijijini kwetu kote, na siri yake ni kwamba wanachama wanajuana. Napenda vikundi hivi viwe vya mchanganyiko, wenyeji na wageni katika kisanduku kimoja, si cha hawa mbali na cha wale mbali. Mtu mwenye fedha yake katika kisanduku kimoja na fedha yako hataki ufukuzwe usiku. Na msaada wowote ukija, uwe cherehani au mashine ya kusaga, ugawiwe pande zote mbili. Kibarua niliyemtaja, yule wa Ngara aliyeumia, naye awekwe kwenye orodha ya kwanza. Msaada unaopita mbele ya nyumba ya maskini mwenyeji kwenda kwa mkimbizi bila kugeuza shingo hupanda chuki, na chuki hiyo ndiyo tuliyoisikia ikipigiwa makofi ukumbini.

Wako watakaosema kwamba mgeni akipata kazi na duka hatarudi kwao amani ikija. Naona ni kinyume. Mtu mwenye akiba na ufundi ndiye awezaye kurudi na kuanza tena. Asiye na kitu huogopa kurudi, kwa maana arudi na nini? Wengi wa waliochagua kubaki Tanzania mwaka 2007 walizaliwa hapa, na kwao neno kurudi halikuwa na maana. Wasiozaliwa hapa na wenye kitu, baadhi yao walirudi.

Mambo ya sheria ni ya Bunge na Serikali, nasi hatuna kura bado, ila wazazi wetu wanazo. Yaliyo mikononi mwetu ni madogo. Wazazi wenye mashamba walipe vibarua wao, awe wa Sumbawanga au wa Burundi, siku ile ile waliyoahidi. Viongozi wa bweni wakomeshe "Rudi kwenu." Na Chama cha Biashara cha shule hii, ambacho muhula huu kiliuza maandazi na kufunga hesabu yake bila kasoro, kianze masomo ya daftari kwa wanawake wa vikundi vya Katumba: ukurasa wa mapato, ukurasa wa matumizi, na mstari mwekundu katikati. Mwalimu wetu wa Biashara amekwisha kubali kutuongoza. Twangoja ruhusa ya Mkuu wa Shule kwa Jumamosi mbili za kila mwezi, na lori la kutupeleka, au baiskeli kumi kama lori haliwezekani. Waliokwisha andika majina ni sita, na wanne kati yao walipiga kura upande ule mwingine.

Mwanafunzi, Kidato cha VI